Pini Katika Mshumaa

Usiku ule nilijishona.
Siyo fumbo: niliinuka kufuata chai
na suruali ya mtoto wa Mama Cibalonza ikanifuata,
mguu wake wa kushoto umeshonwa kwenye kitenge changu,
mshono mzuri, ulionyooka,
mshono ambao sijawahi kuupata nikiwa macho.

Ansima alicheka hadi akakaa chini.
Mimi nilikaa upande wangu nikifumua,
saa nane za usiku, Kadutu yote imelala
isipokuwa mvua kwenye mabati
na mjinga mmoja mwenye wembe mkononi.

Sare arobaini na mbili.
Bluu chini, nyeupe juu, shule inafunguliwa Jumatatu.
Nilikuwa nimeapa kutonyanyuka.
Mama yangu alipandisha mchanga kutoka ziwani
mpaka juu kabisa, bila kutua.
"Ukitua, nani atakutwika tena?"
Nikaurithi mgongo wake na swali lake.

Asubuhi Ansima akaweka simu juu ya mashini:
"Shangazi, dakika ishirini na tano. Ikilia, acha."
Niache mkono wa shati nusu?
"Nusu."
Na sindano ndani ya nguo?
"Iache humo. Haitakimbia."

Ikalia kama kuku aliyetaga.
Nikanyanyuka kama mtu anayefukuzwa kwake.

Dakika tano ni ndefu
ukiwa hujui la kuzifanyia.
Nilisimama mlangoni. Nikahesabu vifungo mfukoni.
Nikaona, kati ya bati la Bisimwa na bati la kanisa,
kipande cha ziwa kisichozidi kiraka cha goti,
kijivu, kisha ghafla kijani.
Miaka kumi na moja ndani ya nyumba hii,
sikujua kwamba nina ziwa.

Jioni umeme ukaenda zake, simu nayo ikafa.
Nikasema: haya, mlinzi hayupo, nishone mpaka nianguke.
Lakini mgongo ulikuwa umeshaonja.
Nikawasha mshumaa, nikapima upana wa kidole,
nikachoma pini yenye kichwa chekundu ubavuni mwa nta.
Moto ukiifikia, inaanguka kwenye sahani ya bati:
ting.
Naiokota, bado ya moto,
naichoma tena chini kidogo.

Mama Cibalonza akanikuta mlangoni, mikono kiunoni,
nikitazama giza mahali ziwa langu lilipo.
"Ndiyo hivyo? Fundi anapunga upepo,
watoto wetu waende shule na chupi?"
Nikampa kola. Akaipeleka kwenye mwanga, akaivuta, akaipindua,
akatafuta kosa kama anavyochagua sambaza sokoni,
mmoja mmoja, kwa ukucha.
Hakulipata. Asante pia hakuisema.
Aliketi kwenye benchi, akavua viatu vyenye tope,
tukanyamaza wote wawili
mpaka nilipomwambia: zimeisha, narudi.
"Tayari?" akauliza,
na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Jumatatu zilitoka thelathini na tisa.
Sitasema uongo: tatu zilibaki,
na baba mmoja alinitukana mbele ya majirani
mpaka Ansima akafunga dirisha.
Lakini hakuna mkono wa kulia uliokwenda kushoto,
hakuna mtoto aliyevaa kipande changu.

Mama, nimetua mzigo.
Ulisema kweli, hakuna aliyekuja kunitwika.
Niliinama, nikaunyanyua mwenyewe.
Uzito ni ule ule.
Ila sasa najua umbali,
kutoka pini mpaka pini,
na huko juu kabisa ulikokuwa unakwenda
sijakuona tena ukikutaja.

Ting.
Naondoa mguu kwenye pedali.
Gurudumu linazunguka kidogo peke yake.
Lenyewe bado halijasikia.